Denis, Usiiguse Tena Bunduki ya Baba Yako

Denis mwanangu,

Nimempeleka Pamela wa jirani hospitali Bomang'ombe, niko na mama yake. Ng'ombe hajala. Bunduki ya marehemu baba yako usiiguse, iko palepale ulipoiacha ukakimbia.

Nilikusihi umpelekee fundi mwenye kibali. Ukanicheka, "Mama, wewe na la saba lako!" Haya. Umekipiga tupa kifyatulio chake wiki nzima kiwe chepesi ili usiwakose nyani wa shambani, leo asubuhi umeilaza tu kwenye benchi ikalia yenyewe. Risasi imepita migombani ikamkuta mtoto wa watu anaosha vyombo.

~~Chukua jani la sale ukamwombe baba yake msamaha.~~ Hapana, usiende. Mila inasema sale halikataliwi, lakini nimeyaona macho yake. Nitalipeleka mimi. Wewe nenda polisi mwenyewe, sasa hivi.

Tulipompakia alikuwa bado anapumua.

Mama yako