Kunde na Mikono ya Wageni

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Kamwene. Mgongo wako unaendeleaje, na ile dawa ya kuchua niliyokutumia imefika au imeishia njiani? Najua baridi ya Kilolo miezi hii haina adabu, jifunike vizuri na usiende kuteka maji alfajiri wakati Agripina yupo. Mimi mwili ni mzima. Homa ilinishika kidogo, imepita, nakula na kulala. Yaliyobaki ndiyo yaliyonishikisha kalamu.

Utashangaa, barua zama hizi za simu. Lakini simu yako, Mama, ni ya kijiji kizima. Nikipiga tu unaweka sauti kubwa, Shangazi anadakia, Kaka Festo anauliza habari za mpira, kuku nao wanataka kusalimia, na mimi nabaki kusema "salama tu, salama tu" mpaka salio linakata. Siyo salama tu. Hii nimempa dada mmoja wa kwaya yetu anayekuja huko kwenye harusi. Tafadhali isome ukiwa peke yako.

Uliwahi kuniuliza kazi yangu hasa ni nini, nikakujibu nalea mbwa, ukacheka mpaka ukakohoa. Ulikuwa na haki. Kwetu mbwa analala nje, analinda mahindi, na akipata ukoko ameshukuru. Hawa wa bosi wangu, Madam Doreen, ni wadogo kuliko paka wetu. Wanaitwa chiwawa. Macho makubwa, masikio makubwa, katikati hamna kitu. Wakipata baridi wanavaa sweta, wakikosa chakula asubuhi moja wanalegea mpaka uwapake asali kwenye fizi. Siku ya kwanza dereva wa Madam aliposikia natoka Iringa alishika kichwa: "Madam, umemleta Mhehe kwenye mbwa? Si umempa fisi bucha!" Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hawa hata mchuzi hawatoshi. Tangu siku hiyo tulipatana, ila naye ameshaacha kazi.

Sasa, hawa mbwa hawafugwi kwa ulinzi. Wanapelekwa kwenye maonyesho. Watu wanakusanyika, jaji anakaa katikati, na kila mwenye mbwa anamzungusha kwa kamba nyembamba kisha anampandisha mezani. Pale mezani mbwa anatakiwa asimame miguu minne imenyooka, kichwa juu, mkia juu, huku jaji asiyemjua anamshika kila mahali: anampapasa mgongo, anamkunja goti, anamfungua mdomo kuangalia meno. Akitetemeka, akikaa, akigeuza shingo, basi. Mtoto wa mbwa hazaliwi anajua hayo. Anafundishwa, na mwalimu ni mimi binti yako niliyefeli hesabu.

Mwaka huu nilipewa watoto watatu. Wawili walikuwa majasiri tangu mwanzo. Wa tatu alikuwa wa kahawia, mdogo kabisa, Madam alimpa jina refu la kizungu ambalo sijawahi kulitamka likatoka zima. Mimi nikamwita Kunde. Madam alisema mapema, bila kuficha: "Yustina, anayesimama vizuri kwa jaji anabaki hapa kuwa mama wa wengine. Asiyesimama anauzwa. Mimi sifugi mapambo." Kisha akasafiri, kama kawaida yake, akaniachia nyumba, geti na wale watoto.

Mama, wewe hujawahi kukaa kwenye nyumba kubwa peke yako. Chumba changu kiko uani, nyuma ya matangi ya maji. Nilikuwa namaliza siku nzima sijasema neno na binadamu zaidi ya "weka hapo" kwa mleta maji. Kanisani nikiingia wananipisha kwenye benchi, kwa upole, maana nguo zangu zina harufu hata nizifue vipi. Mtaani huku majirani wengi ni Waislamu, watu wa pwani, wema sana, lakini mwenye mbwa wanamsalimia toka ng'ambo ya barabara. Nikinunua kitumbua kwa Bi Mwanaidi, mama jirani anayekaanga mbele ya geti letu, chenji ananiwekea juu ya ubao. Simlaumu. Ila jioni nilikuwa nakaa na Kunde mapajani, namwambia habari zenu wote, naye ananilamba vidole kimoja kimoja. Yeye ndiye alikuwa anauliza siku yangu imekwendaje. Kwa hiyo lile neno la Madam, "anauzwa," nililala nalo na kuamka nalo.

Kusimama mezani Kunde alijifunza haraka. Natandika mkeka wa mpira juu ya meza ya kufulia, namweka miguu, namwonyesha kipande cha ini lililochemshwa, anaganda. Shida ilikuwa wageni. Mkono usioujua ukimkaribia, anarudi kinyumenyume mpaka anataka kuanguka. Dawa yake ni moja tu: ashikwe na watu wengi, kila siku, mpaka azoee. Sasa watu wengi wa kumshika mbwa nitawatoa wapi Tabata, mtaa wenye msikiti kila kona?

Nikajikaza nikamwendea Bi Mwanaidi. Akanisikiliza huku anageuza vitumbua.

"Mwanangu, mie sina ugomvi na kiumbe wa Mungu," akasema. "Tena hako kanavyotembea kananichekesha. Lakini kakinilamba, mie nina kazi. Nioshe mara saba, mara moja kwa udongo, na biashara iko motoni. Hivyo vitumbua atakula nani?"

"Na ukivaa glovu, Bi Mkubwa?"

Akasimamisha kijiti chake hewani. "Glovu kama za nesi?"

"Hizo hizo."

"Hebu zilete tuone."

Nilikimbia duka la dawa kama niliyesikia linafungwa. Jioni ile, baada ya alasiri, Bi Mwanaidi aliingia getini kwa mara ya kwanza, na mkwewe Zuhura, na msusi wa nyumba ya pili ambaye alikuja kuchungulia tu. Wakavaa glovu, wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Leo sie madaktari!" Zuhura akasema. "Mgonjwa alale hapa." Wakamshika Kunde mmoja baada ya mwingine, mgongo, magoti, meno, na kila akishikwa bila kukwepa mimi nampa ini.

Wakaja na kesho yake. Ikawa desturi. Wanakuja wakimaliza kazi zao, wanakaa barazani kwangu, wanaongea habari za mtaa mzima, nani kaolewa, nani kaachwa, wanamshika Kunde, wanakunywa chai waliyokuja nayo kwenye chupa yao, kisha adhana ya magharibi inawaondoa. Bi Mwanaidi alianza kuniita "mama Kunde." Mama, usicheke. Nilikuwa naoga mapema nawasubiri. Nilikuwa na watu.

Na Kunde akawa jiwe. Akiona glovu tu, anasimama mwenyewe, mkia juu, hata sijamwambia. Niliona nimeshinda. Madam aliporudi nikamwonyesha, akavaa glovu naye, Kunde hakutikisika. Madam akasema, "Huyu anabaki." Siku ile nilimwimbia Mungu kwa sauti.

Maonyesho yalikuwa Kinondoni, kwenye uwanja wa shule, mahema na viti vya plastiki. Jaji alikuwa mama mmoja kutoka Nairobi, mpole, nywele zimekatwa chini kabisa. Kuzunguka na kamba Kunde alifanya vizuri kuliko wote, nilisikia watu wanasema "tazama kale kadogo." Nikampandisha mezani, nikamweka miguu, nikarudi hatua moja. Jaji akanyoosha mikono yake. Mitupu.

Hapo ndipo nilipoelewa, Mama, kabla hata hajamgusa, na nilikuwa siwezi tena kufanya kitu. Katika maisha yake yote, kila mgeni aliyemshika Kunde alikuwa na glovu. Mikono mitupu aliijua ya mtu mmoja tu, na mtu huyo ni mimi. Glovu ni kazi. Mikono mitupu ni nyumbani.

Akanusa vidole vya yule mama. Masikio yakalala. Akajitupa chali, tumbo juu, pale pale mezani, halafu akampanda mkono akamlamba mpaka kidevuni. Watu wakaangua kicheko. Jaji akamsimamisha tena, taratibu, Kunde akajitupa tena. Mara ya tatu yule mama aliniangalia akasema, "Huyu hana woga hata kidogo, dada. Huyu anafikiri mimi ndiye wewe." Akaandika anachoandika, akaita mwingine.

Madam hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alivaa miwani yake ya jua, akasema, "Basi, Yustina. Tulikubaliana." Nikamwambia kosa ni langu, nipe muda, nitatafuta watu wa kumshika bila glovu. Akaniuliza, "Wapi?"

Akanunuliwa siku ile ile. Mzee mmoja na mkewe wa Mbezi, watoto wao wote wako nje ya nchi, walikuwa wamekaa mbele na walicheka kuliko wote. Mke alisema hataki mbwa wa kusimama kama askari, anataka huyo huyo. Nilimkabidhi mimi mwenyewe, pale magari yalipoegeshwa. Yule mama wa Mbezi akanyoosha mikono, mitupu, ina bangili, na Kunde akaenda kana kwamba amemjua siku zote. Akaingia kwapani akatulia. Gari likaondoka. Nilisimama nikitazama kioo cha nyuma, nikitegemea nitaona masikio yale yamegeuka. Hayakugeuka. Nafurahi kwa ajili yake, kweli kabisa. Lakini iliniuma, Mama, na bado inauma.

Kesho yake jioni wakaja. Nilikuwa sijamwambia mtu. Bi Mwanaidi mbele, glovu tayari mkononi, "Mama Kunde, tuambie, tumeshinda?" Nikawaeleza pale getini. Zuhura akasema, "Yarabi." Bi Mwanaidi akazivua glovu polepole, akazikunja, hakujua aziweke wapi. "Pole mwanangu. Mungu akupe subira." Nilitaka niwaambie karibuni barazani hivyo hivyo, lakini nikabaki nimeshika geti tu, na wao labda walikuwa wanangoja niseme. Wakaondoka na chupa yao ya chai.

Tangu hapo tunasalimiana. Bi Mwanaidi ananiongezea kitumbua kimoja. Jioni hakuna anayekuja. Wale watoto wawili walifuzu, wapo, wananichezea, siwezi kusema sina kitu. Madam ameagiza wengine, watafika wakati wowote, nami nimekubali kuwafundisha, maana kazi hii naiweza na naipenda. Ila nimemwomba ruhusa kwanza nije nyumbani, na amenipa. Mwisho wa mwezi nitakuwa njiani.

Nisalimie Kaka Festo na cherehani yake, mwambie suruali aliyonishonea bado inanikaa. Agripina mwambie aongeze bidii shuleni, asinifuate mimi kwenye hesabu. Shangazi mpe shikamoo yangu, na umwambie naja na kitambaa chake cha kichwa. Mchungaji na mama mchungaji wasalimie, na babu wa kinu, kama bado anagombana na kila mtu ndiyo nitajua mzima.

Na kitu kimoja, Mama. Najua ukisikia naja utahangaika kufagia kile chumba cha wageni na kuazima shuka kwa jirani. Usikifungue. Nataka kulala kitandani kwako, upande wa ukutani, na tukishazima taa uniulize siku yangu imekwendaje.

Mwanao,
Yustina