Mdaku wa Kwenye Kamera

Nyumba ya kona, nyuma ya posta
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mama anasema ukiambiwa upumzike ndiyo kwanza unapanda ngazi, nami namwamini. Sisi wazima, ila mimi kichwa kinanizunguka, na wewe ndiye pekee usiyenicheka kabla sijamaliza kusema.

Kazi yangu unaijua. Tunazamisha kamera ghubani pamoja na kikopo cha chambo, kisha nakaa ofisini nahesabu samaki kwenye skrini. Ghuba ilifungwa isivuliwe kwa sababu samaki aina ya chewa walikwisha. Sasa kila tulipohamisha kamera, alitokea chewa mkubwa, akasogeza pua hadi kwenye kioo kama jirani mdaku. Tulifurahi sisi! Tukaandika kwamba wamerudi, na wakubwa wakaifungua ghuba.

Kaka naye, basi tena. Akauza randa na misumeno yake yote, akanunua mashua. Mama alimsihi asubiri kidogo. Wapi! Na mimi ndiye niliyemtia moyo, nikamwambia chewa nimewaona kwa macho yangu.

Siku ya kwanza akarudi na chewa wa kujaza karai. Mama nusura acheze jikoni. Nikachukua kisu nimpare magamba, nikaona mdomo wa juu umechanika, kidonda cha ndoano ya zamani kilichopona vibaya. Shangazi, mdomo ule naujua! Mezani nilisingizia tumbo, nisimle.

Kesho yake nikarudia video zote. Huku mdomo umechanika, kule umechanika. Ni yuleyule! Nadhani alizoea mlio wa mashua yetu ya ofisi, akatufuata kila tulipokwenda. Nikamweleza mkuu wa ofisi. Akasema samaki wote wanafanana, nisimvuruge.

Basi ndiyo nimevurugika mimi. Labda waliochanika midomo ni wengi? Labda wengine wako kina kirefu? Lakini tangu aliwe yule, kamera inaonyesha maji matupu, na chambo kinarudi kama kilivyoshuka.

Nikiwafikishia wakubwa wenyewe, ghuba itafungwa tena, na Kaka hana hata nyundo ya kurudia. Nikinyamaza, atashinda baharini bure, na kama wamebaki wawili watatu, nao atawamaliza. Wewe ungefanyaje? Naogopa, Shangazi.

Wasalimie mapacha, na yule mkwe wako mnuni, mwambie kucheka hakutozwi kodi. Mungu akupe goti jipya na miaka ya kulitembelea.

Nilikuwa namalizia barua hii, Kaka kaingia na mshipi mpya wa kuvulia mkononi, uso wote kicheko. Anasema, “Mdogo wangu, wewe ndiye unayewaona. Kesho nikatege upande gani?”

Bado amesimama mlangoni, anangoja.

Akupendaye sana,
Mwanao, mhesabu samaki