Orodha ya Mama Niliyoifuta

Kwako dada yangu mpendwa,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua mwezi uliopita kimetulia. Shemeji naye hajambo? Sisi huku tunaendelea vizuri, ila mguu wa mama bado unamuuma akikaa sana. Najua utashangaa kupokea karatasi badala ya simu. Kwenye simu nikimtaja mama tu unabadilisha mazungumzo, na safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Kazi yangu ya kuchora ramani za nyumba ipo. Bado naifanyia sebuleni, wateja wanakuja hapahapa, na kompyuta ni ileile moja. Tatizo ni kwamba mama amejifunza kuitumia. Mwanzoni nilifurahi, nikajisifu kwa majirani. Kila asubuhi nikiingia kuoga, yeye anakalia kiti changu na kudonoa herufi kwa kidole kimoja. Tena hatafuti kama wanavyotafuta watu. Anaandika kana kwamba mle ndani kuna mtu wa kuongea naye. Nikija kufanya kazi, nikigusa tu kile kisanduku cha kutafutia, maneno yake yote ya nyuma yananishukia usoni. Nilimwomba atumie simu yake, akasema herufi zake ndogo. Nilimwomba apunguze, akaitikia vizuri sana, na kesho yake orodha ikarefuka.

Wiki tatu zilizopita alikuja dereva mmoja mstaafu na mkewe, wanataka kujenga. Nilitaka kuwaonyesha rangi za mabati, nikaandika herufi ya m. Ikashuka orodha: maziwa yakiungua sufuria inasafishwaje. Mguu wa kushoto unawaka moto. Mtoto hataki kuongea na mama yake mama afanyeje. Yule mzee akaisoma hiyo ya mwisho kwa sauti, neno kwa neno, na mkewe akanigeukia akanitazama kama mimi ndiye mtoto mwenyewe. Walimaliza maji yao, wakasema watarudi. Hadi leo sijawaona.

Damu ilinichemka dada. Hata hawajafika barabarani, nilishafungua historia ya yote yaliyowahi kutafutwa mle. Kompyuta ikaniuliza nifute ya saa moja iliyopita au ya tangu mwanzo. Nikachagua tangu mwanzo. Nilipogusa tena kile kisanduku kilikuwa cheupe, nikajiona nimeikomboa ofisi yangu.

Asubuhi iliyofuata mama alinigongea mlango wa bafu. Akasema, "Mwanangu, kompyuta imenisahau."

Nilimjibu kwamba imepata hitilafu, mashine ndivyo zilivyo. Nilipotoka nikamkuta bado amekaa, anagusa kisanduku, anangoja, anagusa tena. Ndipo akanieleza. Kumbe mle kulikuwa na mstari mmoja ambao akiubonyeza inakuja picha yako. Umesimama na wauguzi wenzako mbele ya wodi ya watoto wachanga, safu ya tatu, umecheka, na jina la hospitali halionekani popote. Aliipata baada ya wiki nyingi za kuandika hiki na kile, na hakumbuki aliandika nini siku ilipotokea. Hajui kuhifadhi ukurasa. Njia aliyoijua ni hiyo tu: aguse, orodha ishuke, abonyeze mstari wake, akutazame, halafu aende akaandae chai.

Nilimwita fundi wa kompyuta. Akaniuliza nilifuta ya saa moja au yote. Nikamwambia yote. Akatikisa kichwa, akasema hakuna nakala popote, nitafute upya. Nikamlipa kwa kuniambia nilichokijua.

Sasa dada, lililonifanya nishike kalamu ni hili. Picha ile ningeweza kuirudisha kwa nusu dakika. Hospitali yako naijua kwa jina, na namba yako ninayo tangu ulipoondoka ukaniapisha nisimpe. Miaka minne mama ananiuliza kama nina habari zako, namjibu sina. Kama ningeandika jina la hospitali, hata akiwa hayupo, lingebaki kwenye orodha akaliona, akajua kwamba nilijua ulipo. Kwa hiyo siku tisa nzima nilikaa naye nikijifanya natafuta, naandika maneno ambayo nilijua hayafiki popote. Naye ananipa pole. Ananisogezea chai, ananiambia nisijichoshe.

Siku ya kumi nilishindwa. Niliandika jina la hospitali, picha ikaja, nikamwambia yote: kwamba mimi ndiye niliyefuta, na kwamba nilijua ulipo siku zote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alikutazama muda mrefu. Halafu nikamwandikia namba yako kwenye karatasi nikampa.

Hakuipokea. Alisema, "Hakukupa wewe unipe mimi. Yale maneno niliyomwambia mbele ya wakwe zake niliyasema mimi, siwezi kuyafuta kwa kumvamia kwenye simu. Niachie picha tu."

Tangu siku hiyo ananisalimia, ananipakulia chakula, lakini hanitumi kitu wala haniulizi kitu. Nimekasirika dada. Nimejikasirikia mimi, na wewe pia umo, maana uliniachia mzigo ukaenda zako. Alilolisema siku ile lilikuwa baya, nilikuwepo nikalisikia. Lakini kiapo chako nimekivunja na sitakishika tena. Kuanzia sasa akiniuliza habari zako, nitamjibu.

Namba yake ni ileile ya zamani. Huwa hana kazi baada ya chai ya asubuhi.

Msalimie sana shemeji, na ukitunze kifua hicho.

Ni mimi mdogo wako,
niliyebaki nyumbani.