Mgomba Usiojibu

Mke wangu mdogo, mjukuu wangu Tusajigwe,

Hujambo? Huku Masukulu mvua haikatiki, na bibi yako kanunua koti la mitumba, halivui hata jikoni.

Unauliza kama uache kazi ya ushauri nasaha, maana vilio vya wagonjwa unalala navyo. Ujanani nilimsindikiza shangazi yangu kutoka msibani, alikokuwa akiwabembeleza wafiwa. Ukungu ulijaa, migomba ikawa kama watu wanaosinzia. Kabla ya kuingia kwake akausalimu mgomba mmoja kwa Kinyakyusa, "Ugonile," akausimulia kilio chote.

Nikamcheka. "Shangazi, mgomba unakujibu?"

"Haujibu, mjinga wewe. Ndiyo raha yake."

Akaingia ndani, akala kama yuko harusini.

Likizo njoo unisimulie mimi. Masikio yangu siku hizi hayasikii kitu.

Mumeo mzee,
Babu