Nimemshushia Sauti Dada Kiyono Bila Yeye Kujua

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na naomba pia usiucheke mwandiko wangu, maana shule niliiacha darasa la sita nikaenda kuchuma matufaha ya watu, na tangu hapo kalamu naishika nikitakiwa kutia sahihi tu.

Mimi ni mpiga shamisen, kile kinanda chetu cha nyuzi tatu kilichowambwa ngozi, hapa Hirosaki, nina miaka sabini na sita, meno yamebaki machache ila vidole vyote ninavyo, na kila Jumamosi jioni napiga kwenye kilabu kidogo nyuma ya kituo cha treni, watu wanavua viatu, wanakaa kwenye mito, wanakula ngisi wa kukaanga na kunywa sake ya moto, na mimi na Dada Kiyono tunapanda jukwaani, jukwaa lenyewe kama godoro la mtu mmoja, yeye anaimba, mimi napiga nyuzi, na mwenye kilabu anapiga ngoma vibaya, lakini kilabu ni chake, tutamfanya nini.

Sasa nisikilize. Kwetu mwimbaji anakutajia namba ya sauti yake, nawe unakaza nyuzi mpaka zifike kwenye namba hiyo, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo sauti inavyopanda. Dada Kiyono ni tisa. Tangu usichana wake ni tisa, mji mzima unamjua kwa tisa yake, na marehemu mumewe alikuwa akiwaambia wageni, "Shikeni vikombe vyenu vizuri, huyu anaimba tisa." Mumewe alipofariki akakaa kimya karibu mwaka mzima, na jioni aliyorudi sauti ilikuwa inakwaruza, nikaiona mishipa ya shingo imemtoka hata kabla hatujaanza, akanigeukia akasema, "Tisa, kaka," nami nikamwitikia, "Tisa," huku nalegeza vigingi polepole mpaka nane. Nilisema ni jioni ile tu. Akashuka jukwaani uso umemng'aa, akanishika mkono, "Umeisikia? Bado ipo." Wewe ungemjibu nini? Mimi nilimwambia, "Ipo, na bado inaumiza masikio," akacheka, na tangu mazishi sikuwa nimemwona akicheka.

Basi kila theluji ikija nikawa nashuka kidogo, nane ikawa saba, na ninavyokuandikia tuko sita, yeye bado ananitajia tisa. Mwaka jana alinilalamikia, "Kaka, shamisen yako imezeeka, inaguna kama wewe, kaiwambe ngozi mpya," nikaenda nikaichana ngozi nzima isiyo na kosa, nikawamba nyingine, akaisikiliza kichwa kaweka upande, akasema, "Afadhali." Na ana wanafunzi wake, mmoja ni binti anaitwa Orie, sauti nzuri tu, siku moja alikuja kuimba kilabuni akaomba saba, Dada Kiyono akamwambia mbele ya watu, "Mimi kwa uzee huu nashika tisa, wewe wa miaka ishirini unaomba saba kama mgonjwa?" basi binti akataja tisa nami nikamkazia tisa, koo likamkatika katikati ya wimbo, hajarudi tena, vijana wa siku hizi hawana subira.

Balaa lenyewe ni hili. Kilabu kinafungwa, jengo linabomolewa, na Jumamosi ya mwisho Dada Kiyono ameamua kuimba ule wimbo wa polepole aliokuwa akiupenda mumewe, na wimbo huo hauendi na shamisen, unaendana na filimbi ya mwanzi, kwa hiyo amemwalika Bwana Sasamori atoke Akita aje apulize. Shamisen ni mwongo mwenzangu, ukizungusha kigingi inakubali lolote, lakini filimbi imetobolewa kwa namba moja, na namba yake imechomwa kwa moto kwenye mwanzi wenyewe. Atataja tisa, Bwana Sasamori atachomoa filimbi ya tisa, na sauti ya Dada Kiyono itavunjika mbele ya mji mzima, kwenye wimbo wa mumewe.

Nimempigia simu Bwana Sasamori nikamweleza. Akacheka kidogo, kisha akasema, "Mzee, ukitaka nitaleta ya sita. Lakini kabla ya kupanda huwa namkabidhi mwimbaji filimbi aishike, na huyo dada yako ana macho." Nikamwendea mwenye kilabu, naye akasema, "Mlevye. Akishalewa hata tatu ataiita tisa." Huyo ndiye mshauri niliyenaye, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Nimwambie, nimvunje moyo sasa hivi wakati kila siku anaupiga pasi mkanda wa kimono chake? Au ninyamaze, maana pengine anajua, mtu aliyeimba maisha yake yote atakosaje kusikia, pengine tunadanganyana wote wawili na kila mtu ana raha yake? Nisaidie. Kuchekesha watu naweza, hili limenishinda.

Mlegeza Nyuzi, Hirosaki


Mzee wangu Mlegeza Nyuzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mwandiko wako si mbaya kama unavyojisifu. Ulichofanya jioni ile ya kwanza nakielewa. Mjane amerudi jukwaani na koo la majonzi, ukampa mahali pa kukanyaga. Ungemwambia kesho yake asubuhi, mkiwa na chai mkononi, leo usingekuwa na barua ya kuniandikia. Hukumwambia. Ukaona raha kushikwa mkono.

Usiniambie ni huruma. Huruma haichani ngozi nzima ya shamisen. Unaogopa kwamba akijua hatakaa tena kando yako, na hofu hiyo ni yako, usimbebeshe yeye.

Halafu unajifariji kwamba pengine anajua. Labda anajua, labda hajui, mimi sijui na wewe hujui. Anayejua angemdhihaki binti wa watu mbele ya wateja kwa ajili ya tisa? Na huyo Orie, mzee, umempitisha kwenye barua yako kama mtu anayefagia uchafu chini ya mkeka, kisha ukamtukana kwamba hana subira. Mwalimu wake alimwaibisha kwa namba ambayo wewe ndiye uliyeitunga. Tena yeye hukumlegezea. Ulimkazia tisa ya kweli, ukaiona mishipa ya shingo yake, maana macho ya kuona mishipa unayo, ukaendelea kupiga. Usiku mimi ningekosa usingizi kwa huyo kabla ya Kiyono.

Sasa fanya hivi. Bwana Sasamori abebe filimbi zote mbili, lakini ushauri asiulizwe tena, wala mwenye kilabu, na hiyo sake aiweke. Nenda nyumbani kwa Dada Kiyono kesho mchana, beba shamisen. Usimwandikie, usimtume mtu. Kaza nyuzi zako kwenye tisa halisi mbele yake, mpigie mwanzo wa wimbo mmoja mnaoimba kila Jumamosi, aisikie. Kisha shuka, nane, saba, mpaka sita, umwambie, "Hapa ndipo tunapoimba, na niliyekuleta hapa ni mimi." Mweleze jioni uliyoanza. Mweleze habari ya ngozi. Mweleze ya Orie bila kumficha lolote, maana kwa yule binti inabidi mwende nyote wawili, mwalimu na mpiga nyuzi, na mwalimu hawezi kwenda kuomba radhi kwa jambo asilolijua.

Atalia, au atakufukuza, au atakaa akuangalie tu. Vyote ana haki navyo. Wewe una kazi moja, kutomchekesha. Najua ulimi utakuwasha. Ukimchekesha utakuwa umelegeza kigingi kingine.

Sauti yake imeshuka, na si aibu. Kuna watu wameimba sita maisha yao yote na mji ukawalilia. Lakini kuimba sita kwa kuamua mwenyewe na kuimba sita kwa kuibiwa ni mambo mawili, na wewe umemwibia miaka ambayo angekuwa anaizoea sauti yake mpya, anaitafutia nyimbo zinazoifaa.

Jumamosi ikifika, keti pale utakapowekwa, hata ikiwa ni nyuma kabisa kwenye rafu ya viatu. Akiitaja sita, Bwana Sasamori ampulizie sita. Na akiitaja tisa huku anajua, mwache. Ikikatika, ikatike mbele ya wote waliokuja kumsikia. Ni sauti yake, na ule wimbo ni wa mume wake.