Siku Umeme Uliporudi

Barabara ya Rang ya Tatu,
karibu na Granby, Quebec.
Tarehe 9 Februari 1998

Mpendwa mdogo wangu Huguette,

Pokea salamu nyingi za dada yako. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, na hilo unalijua tangu zamani. U hali gani huko Vancouver? Shemeji Denis anaendeleaje na presha yake? Mwambie apunguze jibini, na akikutolea macho mwambie ni mimi niliyesema. Wajukuu wameshapona mafua? Nimewaombea kila Jumapili, hata zile ambazo kanisa lilifungwa na ikabidi nisali jikoni nikiwa na koti.

Najua ulipiga simu mpaka ukachoka. Simu ilikufa siku moja na umeme. Usininunie, nipo.

Mvua uliiona kwenye televisheni, lakini hukuisikia. Yalikuwa maji yanayoganda yakigusa chochote, siku nenda siku rudi, mpaka waya za umeme zikawa nene kama mkono wangu. Kisha miti ikaanza kupasuka. Mchana kutwa ni paa! paa! msituni, utadhani watu wanarushiana risasi. Ile miti ya maple, ya kugema utomvu wa sharubati, aliyopanda babu nyuma ya banda imevunjika karibu yote. Nililia, sikufichi. Halafu nguzo za barabarani zikalala moja baada ya nyingine, na huo ndio ukawa mwisho wa taa.

Baridi haikunisumbua. Jiko la kuni la mama liko palepale, na kuni alizopasua marehemu mume wangu Armand bado zimejaa bandani. Kilichonisumbua ni ukimya. Unajua ninavyopenda kuongea. Nikaanza kuongea na jiko, na siku nilipolikasirikia kwa kutonijibu nikaona sasa naelekea kubaya.

Unamkumbuka Rollande, jirani wa ng'ambo ya shamba, yule mjane mwenye mdomo? Hatukuwa tukitembeleana. Mwanawe Yvan alimng'olea jiko la kuni akamwekea vipasha joto vya umeme, eti ndio usasa. Basi nikamfikiria mle ndani bila moto, nikashindwa kukaa. Nikavaa soksi za sufu za Armand juu ya buti nisiteleze, kama baba alivyotufundisha, nikabeba ndoo ya majivu. Namwaga konzi ya majivu mbele yangu, napiga hatua, namwaga nyingine. Shamba tulilokuwa tukilivuka mbio utotoni lilinimalizia asubuhi nzima.

Nilimkuta kitandani na koti, kofia na viatu, midomo imebadilika rangi.

"Umechelewa," akaniambia. "Mimi nimeanza kufa tangu jana."

"Basi njoo umalizie kwangu, kuna moto."

"Kwako? Na ile supu yako ya chumvi tupu? Afadhali nife hapahapa."

Lakini mguu mmoja alikuwa ameshaushusha.

Huguette, sijawahi kuishi na mtu msumbufu kama yule. Alihamisha sufuria zangu zote. Alikoroma hadi vikombe vikatikisika. Kwenye karata aliiba waziwazi, anaficha moja chini ya paja, na ukimwambia anasema imeanguka yenyewe. Tulilala jikoni sote wawili, tukayeyusha theluji kupata maji, tukachoma mkate juu ya bamba la jiko na kugombania kipande kisichoungua. Wanajeshi walipopita kuchukua watu wakalale shuleni, aliwafukuza mlangoni. "Nikalale na watu mia wanaokoroma? Huyu mmoja ananitosha!" Mimi, ambaye sikuwa nimefumba jicho kwa sababu yake!

Ila kila siku alirudia neno lilelile: "Umeme ukirudi tu, bibi wee, hunioni tena hapa." Mwanzoni nilicheka. Baadaye likaanza kunitia hofu. Asubuhi nilikuwa naamka namsikia mtu akikohoa, akimlaani paka wangu, akiuliza kahawa iko wapi. Tangu Armand afariki sijaulizwa na mtu kahawa iko wapi.

Mchana mmoja Rollande amesinzia kitini, mimi nimesimama na mwiko wangu, friji ikaanza kunguruma. Nilipaswa kushukuru Mungu. Badala yake nikakumbuka lile neno lake, mdogo wangu. Nikachukua tochi, nikashuka stoo ya chini ya nyumba polepole kwa ajili ya goti, nikazima swichi kuu. Friji ikanyamaza.

Nilipopanda, macho yake yalikuwa wazi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilifuata viazi."

"Viko wapi?"

"Vimeoza."

Alinitazama, akajifunika blanketi vizuri, akasema nigawe karata.

Basi tukaendelea kukaa na mishumaa, na watu wote wa barabara yetu sasa wanatazama televisheni. Nilijua nafanya ujinga, tena kwa umri huu. Kila gari lilipopita nilishtuka. Lakini nakwambia kweli, nilifurahi siku zile kuliko Krismasi mbili zilizopita.

Barabara kuu ilipofunguliwa, Yvan akafika kutoka Trois-Rivières. Aliingia na theluji yake miguuni, akabonyeza swichi ukutani, taa isiwake.

"Mbona mmekaa gizani? Umeme umerudi kijiji kizima!"

Rollande ndiye aliyejibu.

"Waya za Fleurette zina kasoro. Acha maswali, beba begi langu."

Yvan alipotoka na begi, Rollande akawa anavaa glavu zake bila haraka.

"Taa yangu ya jikoni naiona dirishani inawaka," akasema. "Tangu ile siku ya viazi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ningekwenda wapi?"

Nilidhani anarudi kwake ng'ambo ya shamba. Kumbe Yvan anamchukua wakaishi wote mjini. Eti mpaka theluji iyeyuke. Lakini kabla ya kuondoka alipita kule kwa mama yake akatoa maji yote kwenye mabomba yasigande na kufunga madirisha kwa mbao, na nyumba ya kurudiwa kesho haifungwi hivyo. Nilisimama barazani mpaka gari likapotea kwenye kona. Rollande hakugeuka. Simlaumu, na mimi nisingegeuka.

Sasa swichi nimeiwasha. Kila kitu kinafanya kazi, hata redio, na nyumba haijawahi kuwa kimya namna hii.

Kila mwaka unaniambia utakuja mwakani, nami najibu hamna shida, mimi sina neno. Nilikuwa nakudanganya, Huguette. Ninalo. Njoo. Denis atajipikia, hatakufa. Usingoje kuja kunizika, wala usingoje umeme ukatike tena. Njoo sasa, taa zikiwa zinawaka.

Nisalimie Denis, binti yako Chantal na watoto wake wote. Mwenyezi Mungu awalinde, msipungukiwe na joto wala mtu wa kula naye.

Ni mimi dada yako akupendaye, na anayekungoja,

Fleurette