Ufizi Juu ya Paa

Jumanne, 4 Machi

Yametimia! Gari langu la mfano limefungwa, gundi imekauka. Dogo la kutosha kiganjani, lakini kila kitu kimo: viti, vyuma vya kumkinga dereva, hata mikanda. Jeupe pe! Sawasawa na lile lililotwaa ubingwa wa mbio za magari nikiwa binti wa shule.

Jumamosi ni mashindano ya chama chetu cha waunda vigari. Mume wangu, Baba Mapacha, kanikumbusha tena: nikishinda, chumba hiki kidogo ninachoundia vigari ni changu. Nikishindwa, anaingiza sofa na televisheni, mpira mpaka macho yamtoke. Na nilikubali mwenyewe, kwa mdomo wangu huu! Mchana kutwa natengeneza meno ya bandia ya watu. Chumba hiki ndipo ninapopumua. Sikitoi ng'o.

Sasa nifute meza, nikala—

Mungu wangu. Dereva yuko mezani.

Jumatano, 5 Machi

Nimefunga gari, dereva yuko nje! Kofia kichwani, mikono tayari kushika usukani, kakaa kando ya kikombe cha chai. Baba Mapacha kacheka hadi kukaa chini. Eti labda kashuka kununua maji.

Nifanyeje? Nimekata paa kwa msumeno wa kazini, ule mwembamba. Dereva kaingia. Nimerudisha paa, likaacha ufa. Nikauziba kwa kitu ninachokishika kila siku: plastiki ya ufizi wa bandia. Ikakaza kama jiwe. Nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeupe juu yake. Fundi ni fundi, bwana!

Ijumaa, 7 Machi

Ufizi unatoka! Uwaridi wake umepenya rangi nyeupe. Nimepaka tena, ukapenya tena. Nimepaka mara ya tatu, ndo kwanza umeenea paa zima. Ilitakiwa nitangulize rangi ya kijivu ya kuzuia. Najua hilo. Najua! Kiherehere tu.

Baba Mapacha kachungulia mlangoni na utepe wa kupimia. Anapimia sofa! Eti mbio za sakafuni huishia ukingoni, mke wangu. Nililia kidogo, kusema kweli. Kaniona, karudi zake kimyakimya.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika ukumbini, nyuma ya meza yangu.

Jaji mkuu, babu mmoja wa miwani minene, kaliinamia gari langu wee! Kasifu mikanda. Kasifu vyuma. Kisha: mama, mbona paa la waridi? Gari la bingwa lilikuwa jeupe tupu.

Nikafungua mdomo.

Baba Mapacha — asiyejua gari la mbio na la mizigo yana tofauti gani! — akadakia. Eti hili ni la siku ya mazoezi, mzee wangu. Mvua ilikuwa kubwa, wakapaka paa waridi ili walione kwa mbali. Uso mkavu kabisa! Nikamkanyaga mguu. Akaongeza na ukungu.

Jaji kavua miwani. Kafurahi mno. Eti picha za mazoezi yale anazo zote, zimo mkobani mwake, kule mezani kwa majaji. Kaenda kuzichukua.

Nimemuuliza mume wangu: na sofa lako je? Kasema nikilia tena chumbani mle, hata mpira hautamwingia.

Jaji anarudi. Albamu mbili! Baba Mapacha kasimama mbele ya gari, kalikinga kwa tumbo lake, ananinong'oneza: mke wangu, upesi, gari hili lilishinda mwaka gani?